Ua la kivulini linanyauka na udongo wake umerowa: chumvi niliyoikuta nilipolihamisha chungu

MamaUani (Mji Mkongwe, Unguja)

Assalaam alaykum wapenzi wa maua.

Mwaka mzima nimekuwa na ua linalonyauka huku udongo wake umerowa. Nikilitia maji linalala, nikilinyima linalala. Mwezi huu nimelitoa chunguni mara ya pili na nimejua lilikuwa likiumwa nini. Najua nyumba nyingi za Unguja na Pemba zinalo hilihili, kwa hiyo naandika kwa urefu, mtaniwia radhi.

Ni lile la majani mapana ya kijani kilichoiva, yanayong'aa, linalokaa kivulini na kupenda maji, na likichanua linatoa ua jeupe limesimama kama tanga la ngalawa. Wauza maua wanaliita pisi lili. Kitaalamu ni Spathiphyllum. Sisi nyumbani tunaliita ua la kivulini na ndivyo nitakavyoliita hapa. Asili yake si kwetu: ni la misitu ya mvua ya Colombia na nchi za Amerika ya Kati, huota chini ya miti mikubwa, karibu na vijito, pahali jua halifiki ila kwa matone. Kwa hiyo uani kwetu, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta ndefu pande nne, lilijiona limefika kwao.

Langu nilipewa na wifi yangu likiwa na majani matatu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Lilikaa miaka mitano kwenye chungu cha udongo karibu na mlango wa jiko na likatoa maua kila mwaka. Mwaka jana likaanza dalili ambazo sasa nazijua: nikimwaga maji yanapita puu, yanatokea chini palepale bila ya udongo kurowa, mizizi inachungulia tunduni, na kila baada ya siku moja majani yamelala. Chungu kilikuwa kimejaa mizizi, udongo umebaki wa kuhesabu. Nikaamua kulihamisha, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilichukua ndoo ya lita 20, nikiamini nikilipa nafasi kubwa litafurahi. Chini nikatandika kokoto za mawe ya pwani. Udongo nikauchanganya na mchanga mweupe wa ufukweni ili upitishe maji, na nusu nzima ikawa unga wa makumbi niliyoletewa na jamaa zangu wa shamba, kusini. Kwa asiyejua: kina mama wa pwani hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ufukweni, maji ya bahari yakayapanda na kuyashuka miezi na miezi mpaka yalainike, kisha huyafukua na kuyatwanga wapate usumba wa kusokotea kamba. Ule unga unaodondoka wakati wa kutwanga ni mwepesi, unashika maji, unafanana kabisa na ule wanaouza kwenye matofali makavu madukani. Mimi nikaona nimepata neema ya bure.

Halafu nikalimwagilia maji ya kisima, ambayo sote tunajua ladha yake.

Baada ya wiki chache ncha za majani zikawa kahawia, kama zimepitishwa motoni. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Majani mapya yakatoka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Ilipoingia kaskazi, na lile joto lake la Januari, likawa linalala asubuhi na jioni, na udongo ukiubonyeza unatoa maji. Juu ya udongo kukawa na ukoko mweupe. Siku moja nikaukwangua kwa ukucha nikaulamba. Chumvi. Chumvi kabisa, kama ya ngonda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi.

Pale ndipo nilipofahamu. Fikirieni kachumbari: ukikata tango na kitunguu ukanyunyiza chumvi, baada ya muda bakuli limejaa maji. Yametoka wapi? Ndani ya tango. Chumvi iliyo nje imeyavuta. Mzizi uliozungukwa na udongo wa chumvi hufanyiwa hivyohivyo. Maji yapo tele, lakini hauwezi kuyanywa. Ua linalala kwa kiu na miguu yake imo majini. Mimi kila nikiona limelala naongeza maji ya kisima, yaani naongeza chumvi.

Na ule umanjano? Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari. Ni chokaa ileile. Kokoto za pwani nazo ni chokaa. Ua hili linataka udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa ikizidi madini ya chuma yanafungika udongoni, mzizi hauyapati hata kama yapo. Jani likikosa chuma linakuwa manjano katikati ya mishipa. Haikuwa njaa ya samadi, na samadi nilizidi kuitia vilevile.

Basi nikasubiri masika yashike. Sikutaka kuligusa katika kaskazi, kwa sababu mmea uliokatwa mizizi hauwezi kushindana na upepo mkavu wa joto. Mvua zilipotulia kwenye mwendo wake, siku moja baada ya Laasiri nikatandika gunia uani, nikalilaza lile ndoo ubavu, nikaligonga pande zote kwa kiganja, likatoka.

Harufu kwanza. Kama maji ya vase yaliyosahauliwa. Lile donge la mizizi lilikuwa dogo, halijafika hata nusu ya ndoo; udongo uliobaki pembeni ulikuwa mweusi, baridi, haujaguswa na mzizi hata mmoja. Ndiyo maana chungu kikubwa mno kina madhara: udongo usio na mizizi hauna anayeyanywa maji yake, basi unakaa umerowa mpaka unavunda. Mizizi ya chini ilikuwa kahawia. Ukiushika mmoja kwa vidole viwili na kuvuta, ngozi inateleza yote inabaki mkononi, na kinachobaki ni kijiuzi chembamba. Huo umekufa. Uliohai ni mweupe au rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, mnene, na ukiupinda unarudi.

Niliisuuza mizizi yote kwa maji ya mvua ndani ya beseni, nikibadilisha maji mpaka yakawa safi. Kisu nilikipitisha kwenye moto wa jiko kwanza, halafu nikakata kila kilichooza. Hapo nikaona kwamba si ua moja tena. Limezaa kama mgomba unavyozaa, mama kati na watoto pembeni. Nikayafuata maungo kwa vidole taratibu. Pale vidole viliposhindwa ndipo nikatumia kisu. Nilipata machipukizi manne yenye mizizi yake mwenyewe na majani matatu matatu au zaidi. La mama lilikuwa limeoza shingo. Nililizika chini ya mpapai.

Vyungu safari hii ni vidogo. Kipimo changu ni vidole viwili: donge la mizizi likishakaa katikati, pembeni pabaki upana wa vidole viwili tu. Vyungu vipya vya udongo nilivizamisha majini usiku kucha, maana chungu kikavu kinanywa maji ya udongo kabla mmea haujayaona. Udongo wenyewe ni kinongo, ule udongo wetu mwekundu wa shamba, kutoka kwa ndugu yangu upande wa Kizimbani, samadi ya ng'ombe ya zamani iliyokwisha kuwa kama unga, vipande vya mkaa vya ukubwa wa punje ya mahindi, na makumbi. Ndiyo, makumbi tena, lakini haya ni ya nazi nilizofua mwenyewe hapa nyumbani, hayajaiona bahari. Nimeyachambua, nikayakata kwa panga, nikayaloweka siku tatu kwa maji ya mvua nikiyamwaga kila asubuhi. Maji ya siku ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Ya siku ya tatu unaona chini ya beseni.

Wakati wa kupanda, angalieni shingo, pale majani yanapokutana na mizizi. Ibaki juu ya udongo kama ilivyokuwa mwanzo. Ukiizika inaoza. Udongo nilitia kwa mkono, nikagonga chungu chini mara mbili tatu ujae wenyewe kwenye nafasi, sikuushindilia. Nikamwagia maji ya mvua mpaka yakatoka chini, nikayaweka yote manne kwenye kona ya birika la kuhifadhia maji, ambako kuna mwanga bila ya jua.

Siku nne za mwanzo yote yalilala. Sikuongeza tone. Ya tano moja likainua shingo.

Mbolea sijatia na sitatia kabla ya wiki sita kwisha. Mizizi iliyokatwa ina vidonda, na mbolea nayo ni chumvi.

Naomba mawazo yenu, hasa wenye uzoefu wa muda mrefu.

BintiMichenzani

Ahsante sana dada, umenifungua macho. Mimi naishi ghorofani, sina uani, nina roshani na dirisha moja la jiko. Langu nililinunua lina maua matano, masha Allah lilikuwa linapendeza. Yakafa, na tangu hapo mwaka na miezi halijatoa hata moja. Majani mazuri, hayana kahawia. Je, nalo lataka kuhamishwa? Au ndiyo kivuli kimezidi?

MamaUani

Shoga, kwanza kuhusu hayo matano: wakulima wa maua ya biashara hulinyunyizia asidi ya jibereliki, ambayo ni kichocheo cha mmea chenyewe, ili lichanue mapema na kwa pamoja liuzike. Ukilinunua umelikuta katika sherehe. Likifika nyumbani linarudi kwenye mwendo wake, na huchukua muda mrefu kabla ya kuchanua kwa nguvu zake. Kwa hiyo si wewe uliyeharibu.

Pili, linastahimili kivuli, lakini kustahimili na kuchanua ni mambo mawili. Kwenye giza litakupa majani miaka na miaka. Jaribu hivi: kaa pale lilipo saa nne asubuhi na kitabu. Ukiweza kusoma bila ya kuwasha taa na bila ya jua kukupiga usoni, mwanga unatosha. Ukiwasha taa, lisogeze dirishani. Roshani ni nzuri ikiwa jua la alasiri halifiki, maana hilo linaunguza majani kwa siku moja.

Kuhamisha usihamishe kwa ajili ya maua tu. Ligeuze uangalie tundu, uinue chungu. Kama maji yanakaa na mizizi haijatoka, liache. Hili ua kubanwa kidogo halijali.

Yakhe_Konde (Pemba)

Yakhe, salaam kutoka Pemba. Uzi huu nimeusoma mara mbili. Mie chumvi sina, niko mbali na pwani na mvua zetu mwazijua, ni nyingi kuliko zenu. Lakini langu lilikufa kwa kitu kingine na nataka kukitaja, asije mtu akaona Pemba tumesalimika.

Nilichukua udongo wa bonde la mpunga, ule kinamo mweusi, nikaona ndio wenye rutuba na unashika maji, na ua lenyewe si lapenda maji? Nikajaza chungu. Ukirowa ni kama unga wa chapati uliokandwa, ukikauka wapasuka nyufa na kuachana na ukuta wa chungu. Miezi miwili halijatoa jani. Nilipolitoa mizizi ilikuwa imesimama palepale nilipoiacha, haikuingia hata inchi moja kwenye ule udongo. Halafu ikaoza.

Sasa nachota mboji chini ya mfenesi. Wafukua majani makavu ya juu, wakuta tabaka jeusi laini linalonukia mvua, hilo ndilo. Nachanganya na kinongo nusu kwa nusu. Msitu wa Ngezi uko karibu nami na huko sichukui kitu, ni hifadhi, lakini ukipita barabarani ukitazama chini ya ile miti wafahamu mmea wa kivuli wataka nini: udongo mwepesi, wenye majani yaliyooza, unyevu kila siku na maji yasiyosimama.

MamaUani

Kaka wa Konde, Mungu akuzidishie. Umesema jambo ambalo mimi sikulisema vizuri. Linapenda unyevu, na mizizi yake inataka pumzi vilevile. Kinamo kinampa la kwanza na kumnyima la pili. Mboji ya mfenesi nitaitafuta.

Mzee_wa_Shamba

Waalaykum salaam wanangu. Nimefanya kazi ya vitalu vya miche tangu ujana wangu, sasa nimepumzika. Mwanangu MamaUani umefanya vizuri, ila naona umelaumu kokoto kwa chokaa yake tu. Hata zingekuwa kokoto za mto zisizo na chokaa, zisingekusaidia.

Watu wote wanaamini kokoto chini ya chungu zinapitisha maji. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lizamishe, lilaze bapa juu ya kiganja usilibonyeze, subiri mpaka liache kutona. Sasa lisimamishe wima. Litatona tena. Maji ni yaleyale, sifongo ni lilelile, lakini likiwa refu uzito wa maji unayashusha, na pale chini pabaki sehemu iliyorowa. Udongo wa chungu ndivyo ulivyo, daima chini una tabaka lililojaa maji. Ukitia kokoto hujaliondoa lile tabaka, umelipandisha juu, karibu na mizizi, kwa sababu maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mapengo ya kokoto mpaka udongo uwe umejaa kabisa. Umelifupisha sifongo.

Tundu tu linatosha. Lifunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa ili udongo usitoroke, basi.

Na jingine: vyungu vya udongo vinapumua, ni kweli, lakini maji yanayotokea ukutani yanaacha chumvi yake palepale. Ule utandu mweupe wa nje ndiyo huo. Ukitaka kutumia tena chungu cha zamani usikisuuze tu. Kizamishe siku mbili, ukisugue kwa brashi, ukizamishe tena. Kwa mtu ambaye hana maji ila ya kisima chenye chumvi, mimi nampa chungu cha plastiki chenye matundu mengi, na nampa sharti kwamba kila mvua kubwa akitoe nje kioshwe.

MamaUani

Shikamoo Mzee wangu. Nimelifanya la sifongo sasa hivi jikoni, limetona kweli, na mwanangu amelirudia mara tano. Kokoto nimeziacha.

Nina swali. Hiyo kuosha udongo kwa mvua, maji mangapi? Na nitajuaje kama makumbi ya mtu mwingine, niliyopewa au niliyonunua, yana chumvi bila ya kuhatarisha ua?

Mzee_wa_Shamba

Marahaba mwanangu. Maji mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, polepole, yapite yote yatoke, na sahani ya chini uiondoe yasirudi. Chungu cha lita mbili, lita sita mpaka nane. Chumvi inayeyuka na kushuka nayo.

Kujua makumbi, panda choroko. Chukua kopo mbili, moja tia makumbi unayoyashuku, moja udongo unaouamini, kila moja punje kumi. Choroko haichelewi, siku chache imeota. Zikiota sawasawa na majani hayana kingo zilizoungua, tumia. Zikikataa au zikiota na kuungua, rudia kuosha. Ulimi pia unasaidia kama ulivyofanya, lakini choroko inasikia chumvi ambayo ulimi hausikii.

Ummu_Salma

Dada zangu, mimi swali langu ni jingine. Nina mtoto anayetambaa na paka wawili. Nimesikia ua hili ni sumu. Nilihamishe au nilitoe kabisa?

MamaUani

Mama Salma, ua hili ni ukoo mmoja na majimbi. Unajua jimbi bichi linavyowasha mkono ukilimenya, na lisipoiva vizuri koo linavyowasha? Ni vitu vilevile, vijifuwele kama sindano ndogo sana ndani ya jani na shina. Ua la kivulini halipikwi, kwa hiyo mtoto akilitafuna mdomo utawaka, atatokwa na udenda, midomo na ulimi vinaweza kuvimba, na paka hivyohivyo. Kwa kawaida uchungu wenyewe humfanya aliteme kabla hajameza mengi. Ikitokea, msuuze mdomo, mpe maji, na akipata shida ya kumeza au kupumua mpeleke hospitali hapohapo. Mimi kwa mtoto anayetambaa ningelipandisha juu ya kabati au ningelining'iniza.

Na wewe mwenyewe siku ya kuligawa vaa glovu, au ufunge mkono kwa mfuko wa plastiki. Mimi sikuvaa, nikajikuna mpaka Ishaa.

Ukoo huo wa majimbi unaonekana hata kwenye ua lake. Kile kitanga cheupe ni jani lililogeuka rangi. Maua ya kweli ni vile vinundu vilivyojipanga kwenye kijiti cha katikati. Ndiyo maana likizeeka hugeuka kijani halidondoki. Wengine huja kuniambia ua lao "limeoza kijani". Halikuoza, limemaliza kazi. Likate kutoka chini kabisa ya kikonyo.

Kijana_wa_Amani

Samahani bi mkubwa, ni kweli linasafisha hewa ya nyumba? Nimeona watu wanaliuza kwa maneno hayo, wanataja NASA, lile shirika la anga la Marekani.

MamaUani

Mwanangu, utafiti wa NASA upo, wa mwaka 1989, na ua hili lilikuwamo. Lakini walilifungia ndani ya sanduku dogo lisilopitisha hewa, pamoja na kemikali waliyoitia wenyewe. Nyumba zetu zina madirisha. Mwaka 2019 watafiti wengine waliyapitia upya majaribio ya namna hiyo na wakaona chumba cha kawaida kingehitaji mimea mingi mno, angalau kumi kwa kila mita moja ya mraba, ili kufanya kazi ambayo dirisha lililo wazi linaifanya bila ya jasho. Lipende kwa uzuri wake, na dirisha ulifungue.

BintiMichenzani

Dada, nimefanya ulivyosema. Nimesoma magazeti saa nne asubuhi pale lilipo na nimelazimika kuwasha taa. Nimelisogeza dirishani. Nimeinua chungu pia, mizizi imetoka tunduni kama ndevu. Kwa hiyo nalo litahamishwa. Maji ya mvua nitayapata wapi ghorofani? Ninayo ya mfereji wa bomba tu, na siku nyingine hayaji.

MamaUani

Shoga, mvua ikinyesha weka beseni roshani. Halihitaji mengi, chungu cha lita mbili ukikipa kata moja au mbili kila udongo wa juu ukikauka, dumu la lita 20 litakufikisha mbali. Tumbukiza kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo unaonata, subiri. Ya mfereji ukiwa huna jingine yatumie, kisha masika uuoshe udongo kama Mzee alivyoeleza.

Ila nakusisitizia moja: dumu lifunikwe, na sahani ya chini ya chungu isibaki na maji. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji safi machache kama hayo, hata kifuniko cha chupa kinamtosha. Uani kwangu nimetoa sahani zote, nimeweka vyungu juu ya vipande vya vigae.

Wale wanaochota maji ya bati, yaacheni ya mvua ya kwanza yaende. Yanabeba vumbi la kaskazi nzima na kinyesi cha kunguru.

Yakhe_Konde (Pemba)

Bibie, tupe habari ya hayo manne. Yamepona?

MamaUani

Leo ni wiki ya tatu. Moja limekufa, lile lililokuwa na mizizi michache zaidi. Nilipolitoa shingo ilikuwa laini. Nadhani nililitenga mapema mno, lingekaa na mwenzake. Matatu yamesimama.

La kona ya birika limetoa jani jipya asubuhi hii. Bado limejiviringisha kama mkeka mpya, kijani chepesi, lina tone la maji nchani. Nimeiangalia hiyo ncha kwa muda mrefu, nikaigeuza kwenye mwanga. Ni kijani mpaka mwisho.

Yale majani ya zamani yenye ncha kahawia hayatabadilika, sehemu iliyokufa hairudi. Nimezikata kwa mkasi kwa kufuata umbo la jani, na nimeacha uzi mwembamba wa kahawia nisikate penye uhai. Nitayaondoa moja moja mapya yakishakuwa mengi.

Chungu cha pili nimemuahidi wifi yangu, maana asili ni yake na lake lilikufa alipohama. Cha tatu kimekaa. Ile ndoo ya lita 20 nimeiosha, sasa iko chini ya bati inapokea mvua, nimeifunga chandarua juu kwa kamba ya usumba.

Mzee_wa_Shamba

Udongo wa ile ndoo umeupeleka wapi mwanangu? Usiumwage kwenye mpapai.

MamaUani

Upo ndani ya gunia, Mzee, bado sijaumwaga. Nilikuwa nimekusudia hapohapo penye mpapai. Niupeleke wapi?

Mzee_wa_Shamba

Utandaze juu ya bati bovu au sakafu yenye mteremko, unene wa kiganja, masika yote yapite juu yake. Maji yake yaelekee mferejini barabarani, yasiingie shambani. Mvua zikikatika, panda choroko.